Reale Arubaini Elfu: Ugomvi wa Maskati na Unguja



Niliombwa niandike khabari za ukoo, nani kamzaa nani na nani kazikwa wapi. Kazi hiyo wapo walioifanya vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa mwalimu wa tarikhi, na mwalimu wa tarikhi hata akistaafu hawezi kuona watu wawili wanabishana asiwakumbuke wengine waliobishana kabla yao. Kwa hiyo nitaandika juu ya ugomvi wa watoto wawili wa Seyyid Said, yaani Thuwaini na Majid, na juu ya reale arubaini elfu zilizoigawa dola ya baba yao. Sababu ya kuchagua khabari hii nitaieleza mwishoni, na naomba radhi mapema kwa watakaojiona ndani yake. Mimi ni wa kwanza wao.

Seyyid Said bin Sultan alitawala Maskati tangu mwaka 1806. Katika miaka ya 1830 alianza kuifanya Unguja makao yake, akapanda mikarafuu na kuwahimiza wenye mashamba nao wapande. Alifunga mikataba ya biashara na Wamarekani mwaka 1833, na Waingereza mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844, na ushuru wa bidhaa ziingiazo ukawekwa kuwa asilimia tano. Forodha ya Unguja aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kutch. Jairam akimlipa Seyyid fedha maalumu kwa mwaka, na kilichozidi ni chake. Hivyo ndivyo dola ilivyopata mapato bila ya kuwa na makarani wengi.

Dola hiyo ilishikwa pamoja na pepo mbili zaidi kuliko askari. Kaskazi likianza kuvuma mwezi wa Disemba, majahazi ya Maskati na Sur hushuka pwani yetu na tende, papa, samaki wa chumvi na halua. Likigeuka kusi, kuanzia Aprili, hurudi na karafuu, nazi, pembe za ndovu, sandarusi, nafaka na boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Wanangu mliozaliwa huku, mkiingia katika nyumba kongwe za Sur au Matrah tazameni juu. Upana wa vyumba vile vya zamani umefuata urefu wa boriti, na boriti hizo zilikatwa katika mikoko ya kwetu. Na upande wa pili, Unguja hakuna mtende wa kutegemewa, na futari ya wazee wetu ilitoka katika makanda ya tende za Oman. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya ukoo hupenda kuliruka. Katika majahazi yale yaliyorudi na kusi walikuwamo watu waliotekwa bara, wakauzwa sokoni Unguja na kupelekwa Arabuni. Na waliochuma karafuu mashambani nao wengi wao walikuwa watumwa. Tunapohesabu reale za khabari hii, tukumbuke kuwa nyingi zao zilitoka katika jasho la watu ambao majina yao hatukuyaandika katika shajara zetu, ingawa baadhi yao ni mabibi zetu.

Seyyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, ndani ya manowari yake Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi Unguja kutoka Maskati. Thuwaini alikuwa akimwakilisha baba yake Maskati. Majid alikuwa Unguja, mahali alipokaa baada ya ndugu yao Khalid kufariki mwaka 1854. Kila mmoja akabaki pale alipo, na kila mmoja akajiona ana haki. Thuwaini alisema dola ni moja na asili yake ni Oman. Majid alisema watu wa Unguja wamemkubali yeye, na kwamba baba yao mwenyewe alikwisha kuzitenga nchi hizi mbili alipomwandikia serikali ya Kiingereza mwaka 1844, akimtaja mtoto mmoja kwa Afrika na mwengine kwa Oman.

Ingekuwa ugomvi wa cheo tu, labda ungekwisha upesi. Lakini ulikuwa na fedha ndani yake. Unguja ilikuwa imeipita Maskati kwa utajiri, na mtawala wa Maskati ana makabila ya bara ya Oman ya kuyaridhisha, na hayaridhiki kwa maneno matupu. Basi jamaa yao mmoja, Mohammed bin Salim, akaingia kati kuwapatanisha. Yakapatikana makubaliano kuwa Majid atampelekea kaka yake reale arubaini elfu kila mwaka. Reale hizo ni zile za fedha zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizokuwa zikipokewa Unguja, Maskati na Bombay bila ya mtu kuuliza.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nami nilipokuwa nikisomesha nilikuwa nikisimama hapa na kuweka chaki chini. Majid alisema: hii ni hiba, ndugu kumsaidia ndugu yake, nikitaka natoa na nikitaka naacha. Thuwaini alisema: hii ni kodi, na anayelipa kodi anakiri kuwa yuko chini ya anayelipwa. Kila mmoja aliridhika na maana yake mwenyewe, na amani ikakaa juu ya neno ambalo halikuelezwa. Majid akalipa kwa muda, kisha akaacha. Thuwaini akaona amedhulumiwa.

Mwaka 1859 Thuwaini akapakia watu majahazini akatweka kuiendea Unguja. Majid naye akakusanya watu wenye silaha akingoja. Kaskazi ile ile iletayo tende sasa ilitazamiwa kuleta vita. Fikirini hali ya nahodha wa Sur mwaka huo. Tajiri wake yuko Maskati, mnunuzi wake yuko Unguja, mke mmoja yuko huku na mmoja kule. Akiambiwa achague upande, achague upi? Kwa watawala pia, silaha iliyokuwa karibu kuliko zote ilikuwa ni kufunga bandari. Lakini Majid akiyafungia majahazi ya Oman anajifungia tende, mabaharia na wanunuzi wake. Thuwaini akiwazuia manahodha wasishuke anawanyima watu wa Sur riziki ya mwaka mzima, na watu wa Sur si watu wa kunyimwa riziki wakanyamaza. Kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake kooni, na koo lenyewe lilikuwa moja.

Vita havikufika. Meli ya Kiingereza kutoka India ilimkuta Thuwaini njiani ikamtaka arudi, na shauri lake alikabidhi serikali ya India. Akarudi. Mwaka huo huo ndugu yao mwengine, Barghash, akamwasi Majid, akajifungia katika shamba la Marseilles pamoja na wafuasi wake. Binti Seyyid Said, Salma, alikuwa upande wa Barghash, na baadaye aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886. Majid akasaidiwa na askari wa manowari ya Kiingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Hivyo katika mwaka mmoja kila mmoja wa ndugu hao alikuwa amekwisha kuona kuwa mlango wa nyumba yao una bawabu mgeni.

Serikali ya India ikamtuma Brigedia Coghlan kutoka Aden kuchunguza madai ya pande mbili. Tarehe 2 Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, akatoa hukumu. Majid awe mtawala wa Unguja na nchi za Afrika. Amlipe mtawala wa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Na alipe 80,000 za miaka miwili iliyopita. Hukumu ikaeleza wazi jambo ambalo ndugu hawakulieleza: kwamba malipo hayo si dalili ya Unguja kuwa chini ya Maskati, bali ni fidia kwa Maskati kuacha madai yake, na ni njia ya kusawazisha mirathi miwili isiyolingana. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zikatangaza pamoja kuwa zitaheshimu uhuru wa watawala wote wawili.

Kwa uandishi, karatasi ile ilikuwa safi. Lau maneno yale yangaliandikwa na jamaa wenyewe mwaka 1857, huenda pasingekuwa na safari ya 1859. Tulifunzwa chuoni kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandikiana deni, na waliogombana hapa waliisoma kabla yetu.

Lakini mwamuzi naye hula. Mwaka 1866 Thuwaini aliuawa Sohar na mwanawe Salim. Majid akakataa kumlipa mtu aliyemuua baba yake. Ilikuwa hoja ya ndugu, na malipo yale hayakuwa tena ya ndugu kwa ndugu, yalikuwa ya dola kwa dola chini ya dhamana ya Waingereza. Yakazorota. Kisha ukaja mwaka 1873. Mwezi wa Aprili Seyyid Turki bin Said, aliyekuwa sasa mtawala wa Maskati, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Unguja Barghash, aliyekuwa ameshika nafasi ya Majid tangu 1870, alikataa. Akaambiwa kuwa manowari zitakizunguka kisiwa zisipite bidhaa. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi, na soko la watumwa likafungwa. Na zile reale arubaini elfu zikawa zikilipwa Maskati na Waingereza wenyewe.

Jambo lenyewe, kukomesha uuzaji wa watu, lilikuwa la haki, nasi tuseme hivyo bila ya kumung'unya maneno. Lilitakiwa litoke mikononi mwetu na halikutoka. Lakini tazameni namna lilivyofanyika. Kule kufunga bandari, ambako ndugu wawili hawakuthubutu kufanyiana, mgeni aliweza kukutisha nako, kwa sababu yeye hakutegemea tende wala karafuu zao. Na mtawala wa Maskati, aliyeanza kwa kudai haki yake kwa ndugu yake, sasa aliipokea mkononi mwa mtu ambaye angeweza kuizuia. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 mtawala wa Maskati akaahidi kutompa mtu mwengine sehemu yoyote ya nchi yake isipokuwa Uingereza. Wazee walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Majahazi hata hivyo hayakukoma. Wazee wetu waliendelea kushuka na kaskazi na kurudi na kusi kwa miaka mingi baada ya hapo. Walioana, walirithiana na walikopeshana, na ndio maana kitabu hiki kina majina ya watu walio Unguja, Mombasa, Maskati, Dubai na London katika shajara moja.

Sasa nakuja kwenye sababu. Wengi wenu mnajua kuwa marehemu babu aliacha nyumba Matrah, na kwamba warithi wake wako pande mbili, huku na Unguja. Mnajua pia kuwa katika mkusanyiko wa mwaka jana palisemwa maneno makali. Wa Unguja walisema fedha zinazotoka huku ni haki yao na zimepungua. Wa huku walisema ni msaada, na mpewa hachagui. Kijana mmoja akashauri tutafute wakili. Watu waliondoka bila ya kuagana vizuri, na hata arusi ya mwezi wa pili yake upande mmoja haukuja.

Mkusanyaji wa kodi ya nyumba ile kwa miaka kumi na minne ni mimi. Na aliyeanza kuiita “msaada” katika barua ni mimi pia. Sikuwa na nia ya kumdhulumu mtu. Niliona ni neno la upole. Nilikuwa nikitoa gharama za matengenezo, nikiongeza kidogo changu mwezi ambao wao wana shida, nikipunguza mwezi ambao huku pana mgonjwa, na yote nikiyatia katika bahasha moja yenye jina moja. Nikawa nimefanya kosa lile lile ambalo nilikuwa nikiweka chaki chini kulieleza.

Kwa hiyo nimekaa na daftari langu. Nimeandika upande mmoja kodi iliyopokewa na gharama zilizotoka, na upande wa pili fungu la kila mrithi kama sharia ilivyoligawa. Niliyoyaongeza mwenyewe nimeyaandika mbali, hayo ndiyo hiba, na sitaki yarudishwe. Mahali ambapo fungu la Unguja lilipungua nimeliandika kuwa ni deni langu, na nimeanza kulilipa. Nakala moja nimempelekea shangazi Unguja asomewe na wajukuu zake, na nyengine iko kwangu kwa yeyote anayetaka kuiona. Naomba kabla ya Idi ijayo wazee wa pande zote mbili wakae, hata kwa simu, wakubali au wakatae, na kila mmoja aandike sahihi yake chini ya yangu.