Guillou na Vijana wa Abidjan

Jean-Marc Guillou, kiungo wa Ufaransa katika Kombe la Dunia la 1978, alistaafu soka akawa kocha. Alipofundisha Cannes, msaidizi wake alikuwa Arsène Wenger, ambaye wakati huo hakuwa na jina. Lakini kazi kubwa ya Guillou aliifanyia Afrika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifika Abidjan, na kwa kushirikiana na klabu ya ASEC Mimosas akaanzisha chuo cha soka katika viwanja vya Sol Béni. Watoto waliochaguliwa waliishi hapo, wakasoma hapo, na kila siku walicheza mpira kwa miguu mitupu. Viatu havikutolewa bure. Mtoto alivipata baada ya kufaulu majaribio ya danadana.

Mwaka 1998 ASEC ilitwaa ubingwa wa Afrika, kisha nyota wake wengi wakaondoka. Hivyo Februari 1999, katika Kombe la Super la Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, klabu iliwategemea vijana wa chuo, akiwemo Kolo Touré. Waliokuja kushuhudia aibu walishuhudia ushindi wa 3-1 katika muda wa nyongeza.

Mwaka 2001 Guillou alihamia Beveren ya Ubelgiji na kuwapeleka wanafunzi wake huko, miongoni mwao Yaya Touré na Emmanuel Eboué. Mwaka 2004 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Ubelgiji.

Siri ilikuwa nini? Wapo wanaotaja miguu mitupu, ila watoto wa Afrika nzima hucheza hivyo, na wengi hawafiki popote. Wengine husema ni mlango wa Beveren. Mlango huo uliwasaidia sana, lakini Espérance ilifungwa miaka miwili kabla haujafunguliwa. Kwa maoni yangu, uzito uko kwenye muda: miaka mingi ya mpira na shule chini ya mwalimu yuleyule, bila haraka ya kutafuta vikombe vya watoto.

Mfano wa Algeria unaiunga mkono hoja hiyo. Guillou alipeleka mfumo wake katika klabu ya Paradou ya huko, na humo wakatoka Ramy Bensebaini na Youcef Atal, waliokuwa katika kikosi cha Algeria kilichotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019.