Mwindo ya siku kumi na mbili, Mwindo ya dakika kumi na moja



Niko na rafiki mmoja, tulimaliza naye chuo mwaka mmoja, anayependa muziki wa wazungu wa zamani kuliko kula. Siku moja alinishika karibu saa nzima akinielezea kwamba simfoni za Beethoven haziishi katika kanda moja. Herbert von Karajan peke yake, akiwa na orkestra ya Berlin, alirekodi simfoni zote 9 mara tatu: miaka ya 1960, miaka ya 1970, tena miaka ya 1980. Noti ni zile zile, mwongozaji ni yule yule, na bado wapenzi wanabishana mpaka leo ni ipi inashinda. Hata hapa kwetu Kongo, orkestra ya Wakimbangu ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, imepiga ile ya Tisa, na rafiki yangu ana maoni yake juu ya hiyo pia.

Nikamcheka. Kisha akaniuliza: "Na ninyi watu wa Walikale, muko na kitu gani ambacho mtu anaweza kukisikiliza mara nne na kulinganisha?"

Siku ile sikujibu. Leo najibu: tuko na Mwindo.

Kwa wale ambao hawakukua nayo, nifupishe. Shemwindo, mwami wa Tubondo, ana wake saba, na anatangaza kwamba anataka wasichana tu. Mvulana akizaliwa atauawa. Mke mmoja anamzaa Mwindo kupitia kidole cha kati. Mtoto anazaliwa akisema na kutembea, ndiyo maana wanamwita pia Kabutwa-kenda. Baba anamtupia mikuki, anamzika, mwishowe anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma inamfikisha kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, bwana wa maji. Mwindo anarudi na vita, baba anakimbilia chini ya ardhi, mtoto anamfuata huko mpaka anamrudisha. Na hamwui: wanagawana utawala. Lakini baadaye anaua dubwana Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani radi. Nkuba anampandisha mbinguni, mwaka mzima mvua, baridi na jua vinamfundisha adabu. Anashuka akiwa mwami mpole anayewapa watu wake sheria za kuishi pamoja.

Sasa tuangalie matoleo, moja moja.

La kwanza ndilo linalojulikana duniani. Mwaka 1956, wakati wa Wabelgiji, mtaalamu Daniel Biebuyck alikuwa akifanya utafiti kwa Banyanga. Katika kijiji cha Bese, shekarisi mmoja aitwaye Candi Rureke alikubali kumtolea Mwindo yote. Shekarisi njo mtu anayeijua karisi, na karisi ni jina la utenzi wenyewe na la roho inayomlinda anayeutoa. Hasomi wala hakariri kama mwanafunzi wa shule. Anaimba, anasimulia, anacheza, anaigiza. Ana kengele miguuni, ana kibuyu cha kutikisa, na mkononi ana conga, ule usinga wa Mwindo. Vijana wanapiga fimbo kavu iliyolazwa na kuitikia nyimbo. Rureke alifanya hivyo siku 12, wengine wakiandika kwa mkono. Kitabu kilitoka mwaka 1969, California, kikiwa na majina mawili: Biebuyck na Kahombo Mateene, huyu wa pili Mnyanga mwenyewe, mwanaisimu. Ndani mna Kinyanga chenyewe na tafsiri ya Kiingereza.

Kuna jambo moja ndani ya historia hiyo ambalo lilinishangaza kuliko utenzi. Rureke mwenyewe alisema, na alirudia kusema, kwamba kabla ya siku zile hajawahi kutoa Mwindo yote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kutoa kipande: leo ngoma mtoni, siku nyingine vita vya Tubondo. Watu walijua kilichotangulia na kitakachofuata. Kwa hiyo hiyo "Mwindo kamili" tunayojivunia ilizaliwa juu kuna mtu aliiomba na akakaa siku 12 kuisubiri. Kwa Beethoven, karatasi ilitangulia, halafu sauti zikafuata. Kwetu sauti ilitangulia karatasi, na karatasi yenyewe ikaunda kitu ambacho sauti haikuwa nacho: mwanzo na mwisho vikiwa pamoja.

La pili si moja. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine, Hero and Chief, chenye matoleo mengine matatu ya utenzi huohuo kutoka kwa wasimulizi wengine. Watu wengi wanasimama kwenye kile cha 1969 na kudhani wamemaliza. Hapo njo nilipoanza kumwelewa rafiki yangu wa Beethoven: ukiwa na toleo moja tu, unadhani kila neno ni lazima. Ukiwa na manne, unaanza kuona pale ambapo msimulizi anaenda haraka na pale anapokaa. Sisi wa agronomia tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Hakuna mwalimu atakayekukubalia matokeo ya kiplani kimoja. Atakuuliza marudio yako wapi.

La tatu ni la koko yangu, mama wa mama yangu. Hakuwa shekarisi, hakuwa na kengele wala conga. Alisimulia jikoni, akimenya ndizi, kwa Kinyanga kilichochanganyika na Kiswahili juu sisi watoto wa baba wa Masisi hatukuelewa vizuri. Katika Mwindo yake, vita vilipita kwa sentensi mbili. Alipokaa ni kwenye kamba. Mnakumbuka: Mwindo anaposhuka chini ya ardhi, shangazi Iyangura anabaki juu akishika kamba, kamba ikiacha kutikisika, ajue mtoto amekufa. Kwa Rureke, kamba iko, na inafanya kazi yake. Kwa koko, kamba ndiyo ilikuwa hadithi. Alitushikisha uzi, mmoja huku, mmoja nje ya mlango, na kutuamuru tusiseme neno. Nilipokua nikaelewa kwamba koko alikuwa shangazi wa watu wengi, na wengine kati yao walienda machimboni na hawakurudi.

La nne nililisikia mimi mwenyewe, mwaka 2023, katika kijiji cha Wanianga ambako nilikuwa nimetumwa kufundisha wakulima juu ya mnyauko wa migomba. Ugonjwa huo wenye mashamba wanaujua: ulionekana Masisi mwaka 2001 na tangu hapo umemaliza migomba ya watu wengi. Kati ya mambo tunayofundisha, moja ni hili: panga ukitoka nalo kwenye mgomba mmoja, lipitishe kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Nililirudia siku tatu mpaka nikachoka.

Jumamosi usiku mzee mmoja akaombwa kutoa kipande. Jina lake sitaliandika, familia haijaniruhusu. Akachagua pale ambapo Mwindo yuko kwa Muisa, chini ya ardhi, na Muisa anamwamuru kulima shamba la migomba. Katika kitabu cha 1969, vyombo vyenyewe vinaenda kazini: vinakata miti, migomba inapandwa, inazaa na kukomaa siku hiyohiyo. Ni kipande cha ajabu, lakini ukikisoma kwa macho kinapita haraka. Mzee alikaa hapo karibu saa nzima. Alitaja aina za ndizi moja moja, na watu wakawa wanaitikia kwa kuongeza zile walizonazo shambani, wengine wakibishana kama aina fulani bado ipo au ilikwisha kufa. Mama mmoja alitaja ndizi ambayo mimi na lisanse yangu sikuwahi kuisikia. Kisha, Mwindo alipotaka kukata mkungu wa kwanza, mzee akasimama. Akanigeukia. Akasema Mwindo ni mtoto aliyezaliwa na akili, kwa hiyo kabla ya kukata alipitisha panga kwenye moto.

Watu walianguka kwa kicheko. Mimi pia. Aliyekuwa amekaa kando yangu akanipiga bega: "Agronome, umeingia ndani ya karisi!"

Nilirekodi saa mbili na nusu kwa simu. Asubuhi, kwa kujivuna tu, nilimtumia binamu yangu wa Goma kipande cha dakika 11 kwa WhatsApp, kile cha panga. Nyingine yote niliiacha kwenye simu. Nilisema nitaihamisha nikifika penye moto wa kuchaji na intaneti nzuri. Mnajua jinsi tunavyosema.

Machi 2025 vita ikafika Walikale-centre. Tukaingia msituni kama wengine, siku kadhaa, na simu ikapotelea njiani. Mzee alikuwa mdeplase kabla yangu. Alikufa kwa ugonjwa huko walikokimbilia, mbali na kijiji chake. Kwa hiyo toleo la nne leo lina dakika 11. Linaanzia katikati ya sentensi. Mbwa anabweka, mtoto anakohoa, kicheko kinafunika maneno, na linakatika wimbo ukiwa haujaisha.

Sasa, wapenzi wa Beethoven wanapenda kuuliza: lipi linashinda?

Nitajibu bila kuficha. Ukiniambia nichague moja la kumwachia mtoto wangu, nitachukua Rureke. Najua wengi wetu tunapenda kusema wazungu walikuja kuchukua mila zetu na kuzipeleka kwao, na si uongo, kitabu chetu kikubwa kuliko vyote kilichapwa California na wengi wetu hatujakigusa. Lakini kwa dakika 11 huwezi kumfundisha mtoto Mwindo ni nani. Hutamfikisha mbinguni kwa Nkuba, wala hutamfikisha kwenye zile sheria za mwisho ambazo sisi watu wa jimbo hili tunazihitaji kuliko wengine: mwami na watu wake waheshimiane, watu walime vya kutosha, wasigombane ovyo. Rureke alitoka jasho siku 12 na waandishi wakachoka mikono, na njo maana Mwindo yake ina mwisho.

Ila nikitaka kujua Mwindo ilikuwa inafanya nini katikati ya watu, narudi kwenye zile dakika 11 na kwenye uzi wa koko. Kitabu kimehifadhi maneno ya shekarisi. Mama aliyeongeza ndizi yake hayumo. Na katika desturi yetu yule mama hakuwa msikilizaji wa pembeni, alikuwa sehemu ya kazi. Aina ile ya ndizi aliyoitaja, nimesikiliza dakika zangu 11 mara nyingi sana kuitafuta. Haimo. Ilikuwa mapema zaidi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, ninyi mtakaorudi nyumbani likizo hii, au mtakaofika penye wazee waliokimbilia Goma, Minova, Kisangani. Msitafute "Mwindo ya kweli". Ombeni kipande chochote, kwa yeyote anayekijua, hata kama ni mama jikoni. Ombeni ruhusa kwanza. Acheni simu iwake toka mwanzo, pamoja na mbwa na watoto na wanaobisha. Andikeni tarehe, kijiji, na nani aliitikia. Na usiku ule ule, kabla ya kulala, tumeni kwa watu wawili walio katika miji miwili tofauti.

Mimi nimeanza na mama yangu. Jioni namsomea Kinyanga cha Rureke kwa sauti, polepole, naye ananirekebisha matamshi huku akicheka. Juzi tulifika kwa Iyangura na kamba yake. Mama akanikatiza, akasema hapo Rureke amepita haraka mno. Nikamwomba aendelee yeye, nikawasha simu.