Njia za Udzungwa zilikuwa za nani?

Ukifika Mang'ula, Kilombero, utakuta njia za kutembea zinapimwa kwa miguu yako. Wenye watoto wadogo hupelekwa maporomoko ya Prince Bernhard, kilomita moja hivi, dakika arobaini basi. Wenye pumzi zaidi hupanda Sanje, kama muda wa saa nne kwenda na kurudi, wakaone maji yakishuka mita 170 na kumaliza hamu yao kwa kuoga chini yake. Kilele cha Mwanihana ni safari ya siku tatu, hiyo waachie wenyewe. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari. Kilomita za mraba 1,990, zote kwa miguu.

Kwetu Mara tumezoea hifadhi nyingine kabisa: Serengeti, gari, nyumbu, vumbi. Na mtoto wa Rukuba, aliyezaliwa kisiwani, maji kwake yako pale chini mlangoni. Kumwambia apande mlima kuyafuata, atakuuliza una akili kweli? Labda ndiyo sababu nimevutiwa na swali ambalo vipeperushi vya utalii havilijibu: kabla ya wenye mabuti, nani alizipita njia hizi?

Anza na jina. Udzungwa ni nchi ya Wadzungwa, watu waliokaa kwenye miteremko hiyo na vilele vyake. Maporomoko ya watoto yana jina la Prince Bernhard, mume wa Malkia Juliana wa Uholanzi, rais wa kwanza wa WWF, aliyekuja kuifungua hifadhi mwaka 1992. (Ndiye huyo huyo aliyeachia vyeo vyake mwaka 1976 kwa kashfa ya rushwa ya kampuni ya ndege ya Lockheed. Kwenye maporomoko hayo hakuna atakayekusimulia.)

Sasa sikiliza habari ya mwaka 1979. Watafiti wawili wako ndani ya msitu wa Mwanihana, wanasikia mlio wa mnyama wasioujua. Wenyeji wanaufahamu vizuri, wanamwita ng'olaga. Watafiti wanapelekwa kijijini Sanje, na huko wanaonyeshwa mtoto wa ng'olaga anayefugwa. Vitabu vya sayansi vikaandika kwamba spishi mpya ya kima imegunduliwa. Mpya kwa nani? Mnyama alikuwa na jina, na alikuwa amefungwa kamba uani kwa mtu! Hata hivyo siwabezi watafiti, maana ugunduzi huo ndio ulioipa milima hii uzito mbele ya wakubwa, na hifadhi ikafuata miaka 13 baadaye.

Ya kwale inachekesha zaidi. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini milimani humo walichungulia chungu cha mboga wakaona miguu ya ndege ambayo hawakuweza kuitambua. Kumbe mchuzi ulikuwa wa ndege asiyejulikana na sayansi, kwale ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia. Mpishi alijua ni kitoweo.

Mashahidi wa njia ndio hao: mpishi, mwenye kima, mtega ndege. Mtu hamjui ng'olaga kwa mlio wake asipokuwa amepita msituni mara nyingi, akitafuta dawa, asali, nyama, kuni.

Kuni ndizo zilizoleta maneno. Bonde la Kilombero lilijaa watu haraka. Mashamba ya miwa yalikuwapo tangu miaka ya 1960, kisha ikaja TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ikapita chini kabisa ya milima na kuweka stesheni Mang'ula. Wageni wakaja na majembe, misitu ya bondeni ikaisha, ikabaki ile ya mlimani. Hifadhi ilipoanzishwa, wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa.

Hoja ya hifadhi naielewa. Mbega mwekundu wa Iringa na ng'olaga hawana msitu mwingine wa kuhamia, na maji yanayoshuka Sanje ndiyo yanayonywesha mashamba ya chini. Msitu ukifa, bonde nalo linafuata. Lakini mwanamke wa Sanje aliyekuwa na siku yake moja ya wiki, sasa anaweza kupanda njia ile ile kwa sharti moja: alipe kiingilio kama mtalii, tena ashuke mikono mitupu. Jiko lake bado linataka moto jioni. Kuni atanunua, au atapanda miti ikiwa ana shamba, au ataingia alfajiri kabla askari hawajaamka.

Kima yule kwa Kilatini anaitwa Cercocebus sanjei. Jina la kijiji limo humo.