Bonde la Mubuku: lango la Ruwenzori, Uganda

Bonde la Mubuku liko wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Lilichongwa na barafu iliyoshuka zamani kutoka vilele vya Ruwenzori hadi mahali ambapo leo ni msitu. Ziwa Mahoma, katika kimo cha karibu mita 3,000, ni alama iliyoachwa na barafu hiyo.

Safari huanzia Nyakalengija, kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Njia hupita kwenye mashamba ya Wakonzo, kisha msitu mnene, mianzi na miti iliyoning'inia kuvumwani. Mito na maporomoko ya maji husikika karibu njia nzima. Mzunguko mkubwa huchukua takriban wiki moja. Asiye na nafasi anaweza kuzunguka Mahoma kwa siku 2 au 3. Miezi yenye nafuu ya mvua ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Hata hivyo, mabuti ya mpira ni lazima, kwani juu kuna matope mengi.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wengine, hivyo beba kitambulisho au pasipoti. Gharama nyingine ni za waongozaji, wapagazi na chakula, na sehemu ya fedha hizo hubaki vijijini. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001 kutokana na waasi wa ADF, na kazi hizo zikasimama.

Tishio la sasa ni joto. Mwaka 1906, Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipopita bondeni humo, barafu ilifunika kilometa za mraba 6.5 hivi, mwaka 2003 ilibaki chini ya kilometa 1 ya mraba. Hata hivyo, utafiti umeonyesha kuwa barafu huchangia chini ya asilimia 2 ya maji ya Mto Mubuku, unaoendesha mitambo ya umeme. Maji mengi ni ya mvua inayopokewa na msitu.

Kwa hesabu ya biashara, barafu huleta wapanda mlima, lakini msitu ndio mtaji. Anayetaka kuona barafu asichelewe.