Spea Kwanza, Gari Baadaye: Historia ya Gari Chakavu katika Mwambao wa Bagamoyo

Katika eneo linaloanzia mji wa Bagamoyo na kuingia bara hadi Chalinze na Ubena Zomozi, mnunuzi wa kipato cha kawaida amezoea kununua gari lililokwisha kutumiwa na wengine, mara nyingi likiwa na kasoro inayojulikana, akitumaini kwamba fundi atalirudisha barabarani kwa gharama anayoimudu. Uchaguzi huo huonekana kuwa suala la bei na bahati, lakini historia yake inadhihirisha kuwa umetawaliwa na upatikanaji wa vipuri, yaani sehemu zinazobadilishwa zinapochakaa, ambazo katika gereji huitwa spea. Kila sera ya biashara ya nje ilipobadilika, spea zilizoingia nchini zilibadilika pia, na pamoja nazo likabadilika jibu la swali la gari lipi chakavu linafaa kununuliwa.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kikomo cha misafara iliyotoka Tabora na Ujiji, ambayo mizigo yake ilibebwa na wapagazi kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa kazi. Gari lilipofika, utegemezi wake kwa spea ulionekana mapema: ofisa wa Kijerumani Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam Agosti 1907, alifika Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki Mei 1909, baada ya safari iliyosimama mara kadhaa kwa matengenezo na kusubiri vipuri. Chini ya Waingereza magari yaliendeshwa upande wa kushoto wa barabara, desturi iliyokuja kuwa na uzito mkubwa baadaye, na hata baada ya uhuru soko likaendelea kutawaliwa na magari ya Ulaya, hususan Land Rover, iliyoanza kutengenezwa 1948, na Peugeot 404, ambayo ushindi wake katika mbio za Safari Rally mwaka 1963 na kuanzia 1966 hadi 1968 uliwathibitishia wanunuzi kwamba inahimili barabara za vumbi na tope.

Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta na shehena za Zambia, zilizokuwa zikitegemea njia ya Rhodesia, zilianza kupita kwa malori katika barabara ya Morogoro, inayokatiza Chalinze na Ubena Zomozi, hivyo utengenezaji wa magari ukawa kazi ya kudumu kandokando ya barabara hiyo. Lakini baada ya Azimio la Arusha la 1967 uagizaji ulihamia hatua kwa hatua kwenye mashirika ya umma, na uhaba wa fedha za kigeni, uliozidishwa na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ukafanya spea mpya kuwa adimu. Katika mazingira hayo gari lililofaa lilikuwa lile ambalo wenzake wengi walikuwa wamekwisha kufa, kwa sababu magari mawili yaliyokaa juu ya mawe, yaani yaliyotelekezwa bila magurudumu, yaliweza kutoa spea za kulitembeza la tatu.

Mabadiliko makubwa yalianza na bajeti ya 1984, iliyowaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata; pikapu zikawa miongoni mwa bidhaa zilizoingia kwa wingi, nyingine zikipitia Dubai. Chanzo kikuu kikaja kuwa Japani, ambako magari pia huendeshwa upande wa kushoto na ambako sheria hudai ukaguzi wa gharama kubwa gari jipya linapotimiza miaka 3, na baada ya hapo kila baada ya miaka 2, kiasi kwamba wamiliki wengi huona nafuu kuliuza gari lingali zima. Magari hayo yalifuatwa na spea zake za mtumba, na maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam yakawa ghala la mafundi wa Bagamoyo na Chalinze, jambo lililoipa Toyota nafasi iliyowahi kushikwa na Peugeot.

Tofauti na Kenya, inayokataa magari yaliyozidi miaka 8, Tanzania huyaruhusu yaliyo makuukuu, ila Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi Julai 1996, huyatoza ushuru wa ziada unaojulikana kama ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo hugeukia gari la mkononi, yaani linalouzwa na mmiliki aliye nchini, na hulipima kwa herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho katika namba ya usajili, ambayo imekwenda kutoka A hadi E. Kipimo hicho hupotosha, kwa kuwa herufi huonyesha lini gari lilisajiliwa nchini, si lini lilitengenezwa, na gari la namba D linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko la namba B. Mnunuzi makini huanza na kadi ya gari, akalinganisha namba ya chesi na ya injini, kisha akainama chini ya bodi kutafuta kutu, kwa sababu hewa ya chumvi ya mwambao hula chuma taratibu na puti na rangi mpya huweza kuficha tundu lililo chini yake.

Mtiririko huu unaeleza kwa nini gari la kifahari la Ulaya lililochakaa huweza kuuzwa kwa bei ya Toyota Corolla na bado likakosa mnunuzi. Bei yake ndogo imekwisha kubeba hesabu ya spea ambazo fundi wa Chalinze hawezi kuzipata Gerezani, ilhali bei ya Corolla iliyolala miaka kadhaa hubaki juu, kwa sababu hata ikishindwa kutembea, sehemu zake bado zina wateja.