Kutoka Sekenke hadi Geita: barabara iliyojengwa juu ya dhahabu na almasi

Mwaka 1916, majeshi ya Uingereza na Ubelgiji yakiikaribia Tabora, Wajerumani walikuwa wakifua sarafu za dhahabu kwenye karakana ya reli. Meli za Uingereza zilikuwa zimeziba njia ya bahari na fedha haziji tena kutoka kwao. Upande mmoja wa sarafu waliweka tai wa dola yao, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilitoka sarafu kama 16,000 za rupia 15 kabla ya Wabelgiji kuuteka mji Septemba mwaka huo. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, Iramba.

Abiria wengi wa mabasi ya Mwanza wanaijua Sekenke kwa mteremko wake tu. Wachache wanajua kwamba pale, kando ya mbuga ya Wembere, ndipo ulipoanza mwaka 1909 mgodi wa kwanza wa dhahabu katika koloni la Wajerumani. Kutoka hapo hadi Geita barabara inapita katikati ya historia ya uchimbaji wa nchi hii, na mwenye gari na siku chache anaweza kuifuata.

Ni vizuri aanzie Dodoma, kwenye makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Miamba na madini yaliyopangwa pale yanaeleza kwa nini Kanda ya Ziwa imejaliwa hivi: dhahabu yake imo katika mikanda ya miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na almasi ililetwa juu na mwamba wa kimbalaiti uliopanda kutoka kina kirefu cha dunia.

Kimbalaiti hiyo ndiyo aliyoitafuta John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, hadi akaipata Mwadui mwaka 1940. Ilikuwa na eneo la hekta 146, miongoni mwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuchimbwa duniani. Akajenga mji mzima porini: kota, shule, hospitali, uwanja wa ndege. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Williamson alifariki mwaka 1958, na mgodi ukawa wa De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Mgodi bado upo kazini, kwa hiyo mgeni aombe kibali mapema. Akikikosa, ashuke Maganzo, mji wa barabarani uliokua kwa riziki ya almasi, azungumze na wazee.

Mbele, karibu na Mwanza, kuna Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Kati ya ngoma na viti vya watemi ipo nyumba ya mhunzi na zana zake. Asiipite haraka. Warongo wa Uzinza, upande wa Geita, walikuwa wakichimba mawe ya chuma, wakiyayeyusha kwa mkaa na mivuo, na kufua majembe yaliyouzwa mbali, zamani kabla Mjerumani hajaiona dhahabu ya Geita mwaka 1898.

Kivuko cha Kigongo–Busisi sasa ni historia; tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya Daraja la Magufuli. Ng'ambo, mbele zaidi, ni Geita, ambako mgodi wa chini kwa chini ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na pembeni yake wachimbaji wadogo wanaendelea na maduara (mashimo ya kuchimbia) na makarasha (mashine za kusaga mawe) yao.

Njia nzima, majina yanayotajwa ni ya wenye leseni. Almasi ya waridi inasimuliwa kwa jina la Williamson, la malkia na la sonara. Kibarua aliyekuwa na sururu hutajwa mara chache. Hilo linaweza kurekebishwa, ila muda ni mfupi. Kijana wa miaka 20 aliyeshuka shimoni Geita mwaka 1966 leo ni mzee wa karibu miaka 80, na kitambulisho chake cha kazi huenda bado kimo sandukuni. Sheria ya Madini inaitaka migodi ikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa kila mwaka wa wajibu wa migodi hiyo kwa jamii. Halmashauri za Geita na Kishapu, iliko Mwadui, ziingize humo chumba cha makumbusho na mtu wa kurekodi sauti za wazee hawa. Hata darasa linaweza kujengwa mwakani. Wazee hawa hawawezi kungojewa.