Mkopo Usiorudi Huua Benki

Faida ya benki ya biashara hutokana na tofauti kati ya riba wanayotozwa wakopaji na ile wanayolipwa waweka akiba. Katika tofauti hiyo hulipwa mishahara na gharama za matawi. Mkopo usiorudi huimeza yote.

Historia ya jirani zetu wa Uganda yathibitisha jambo hili. Uganda Commercial Bank, mali ya serikali, iliundwa mwaka 1965. Ilieneza matawi hadi vijijini, mengine yakitumia fedha kuliko yalivyochuma. Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa mikopo iliyotolewa kwa kutazama cheo cha mwombaji, si uwezo wake wa kulipa. Katika miaka ya 1990 madeni hayo mabaya yalikabidhiwa chombo maalumu kuyakusanya. Jaribio la kwanza la kuibinafsisha benki lilivunjika mwaka 1999. Mwaka 2002 sehemu kubwa ya hisa zake ikauzwa kwa Stanbic.

Hivyo taifa lilipoteza benki yake pasipo risasi kulia. Ndugu askari, ninyi mwajua kuwa ghala hulindwa kabla halijavunjwa. Mlango wa benki ni idhini ya mkopo. Hapo ndipo pa kuweka mlinzi asiyetishwa na cheo.